Amani ya Dini Ipewe Siku Yake



Katika Kasongo na Kabambare, Mwislamu na Mkristo ni watu wa nyumba moja. Baba huenda msikitini, mjomba huenda misa, na siku ya msiba wote hukaa mkeka mmoja. Wachimba dhahabu wa upande wa Namoya na Salamabila hawaulizani dini shimoni. Udongo ukiporomoka, anayefukuliwa ni mwenzetu, basi. Amani hiyo ni mali yetu. Sisi twasema ipewe siku yake ya mapumziko, na mshahara wa siku hiyo ulipwe.

Wako watakaouliza: kama amani ipo, sikukuu ni ya nini? Tunawajibu: amani hii hatukupewa na mkubwa yeyote. Tuliijenga juu ya mafarakano. Uislamu ulifika kwetu na misafara ya watu wa pwani, na pamoja nao ikaja biashara ya watumwa. Hatulifichi jambo hilo. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dhanis yaliteka Kasongo, na tangu hapo Mwislamu akawa mtu wa kushukiwa. Mwaka 1906 Dola la Leopold lilipatana na Roma, misheni zikapewa ardhi ili ziweke shule. Kwa miaka mingi fedha za serikali zilikwenda kwa shule za Kikatoliki. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya vita vya 1939-1945. Shule za serikali zisizo za dini kwa watoto Waafrika zilifunguliwa mwaka 1954. Kabla ya hapo mzazi Mwislamu alikuwa na njia mbili: ampeleke mtoto misheni, au amwache bila cheti. Hata baada ya Uhuru, mkataba wa shule wa 1977 ulitiwa sahihi na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu waliingia baadaye.

Tazameni na kalenda. Mwaka 2023 iliongezwa sikukuu ya 6 Aprili kwa heshima ya Simon Kimbangu, aliyefia gerezani Elisabethville mwaka 1951 baada ya kifungo cha miaka thelathini. Ni jambo jema, tunalishangilia. Noeli imo pia katika orodha hiyo. Idi haimo. Ng'ambo ya Ziwa, Tanzania hupumzika Krismasi na Pasaka, hupumzika Idi na Maulidi, wala nchi haikuanguka.

Hatuombi kumnyang'anya mtu sikukuu yake. Tunaomba siku moja ya wote, ichaguliwe na mashehe, mapadri, wachungaji na machifu wakiwa baraza moja. Isiwe siku ya hotuba. Watoto wa shule ya misheni watembelee shule ya Kiislamu, na hao wawatembelee wenzao. Mfanyakazi alipwe. Na mchimbaji anayekula kwa jasho la siku ile asilazimishwe kufunga shimo ili wakubwa wapate wa kuwapigia makofi.

Akija mtu kutafuta kura, au kugawa kazi, kwa jina la dini, mwulizeni: siku ya msiba wewe hukaa mkeka gani?

Nchi yetu imejiandikia maneno matatu: Haki, Amani, Kazi. Haki ndiyo iliyotangulia. Basi na tuidai, sote pamoja.