Gari la Marehemu Baba: Tulitunze au Tuliuze?

Juma hili twataka kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini limekwisha kutenga ndugu wa tumbo moja: gari la zamani alilotuachia mzazi.

Twaijua familia moja ya Bukavu. Baba alipofariki aliacha mjane, watoto watano, na Peugeot 404 aliyoinunua katika ujana wake. Kwa gari hilo alipeleka watoto shuleni na wagonjwa hospitalini, na mara nyingi aliteremka milima ya Ngomo kwenda Uvira. Baada ya mazishi, gari likawekwa chini ya mwembe. Mwana wa kwanza akasema: «Hatuuzi jasho la baba.» Dada yake akajibu: «Mdogo wetu amefukuzwa sekondari kwa kukosa fedha za masomo. Tuliuze.» Baba mdogo naye akachukua ufunguo, akidai kwamba kwa desturi ya ukoo gari ni lake. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Tuanze na haki. Gari la marehemu si la yule aliyeshika ufunguo. Sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, yawaweka watoto, wa kiume na wa kike, katika daraja la kwanza la warithi, nao wapata robo tatu ya urithi. Mjane, wazazi na ndugu za marehemu wamo katika daraja la pili. Basi si haki mtu mmoja auze kwa siri, wala si haki mtu mmoja awakataze wengine wote. Yafaa waketi pamoja, na mama asikilizwe kwanza.

Pili, tutazame thamani. 404 ilitengenezwa Ufaransa tangu 1960 hadi 1975, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Ilishinda mashindano makali ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka ule wa 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu! Si ajabu wazee wetu waliipenda. Lakini sifa si bei. Wakusanyaji wa Ulaya hutafuta hasa zile za milango miwili, zilizotengenezwa chache. Zile za milango minne zilikuwa nyingi mno, na mara nyingi gharama ya kulifanya gari kuwa kama jipya yapita bei ya kuliuza.

Tatu, tukumbuke kwamba gari lisilotembea halipumziki, bali laoza. Petroli ya zamani hugeuka utomvu na kuziba kabureta. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na vyuma vya ndani hupata kutu. Mipira hukauka, panya hutafuna nyaya, na mvua hula sakafu. Wale ndugu wa Bukavu walidhani wanalitunza gari la baba, kumbe walikuwa wakilipoteza polepole.

Nini basi la kufanya? Muiteni fundi asiyetaka kulinunua, alikague, aandike gharama. Zitafuteni karatasi zake, mwone kama namba za chuma zalingana nazo. Kisha kila mmoja aulizwe: Nani atalipa matengenezo? Nani atalitembeza? Litalala wapi mvua ikinyesha? Akipatikana mtoto awezaye kujibu yote matatu, na alichukue, awalipe wenzake sehemu zao kwa bei waliyopatana. Huyo alitunza kweli. Asipopatikana, liuzwe lingali likiwaka, na fedha zihesabiwe mbele ya wote.

Katika familia ile, neno la mwisho lilitoka kwa mama. Alisema: «Baba yenu alinunua gari hili ili liwafikishe shuleni. Likimrudisha mdogo wenu darasani kwa kuuzwa, limefanya kazi yake tena.» Wote wakanyamaza. Baba mdogo akaweka ufunguo mezani. Fundi mmoja wa Uvira alilinunua, kwa bei ndogo kuliko ile ambayo angalitoa miaka mitatu nyuma. Mwana wa kwanza aliomba kitu kimoja tu: daftari ambamo baba aliandika kila safari na kila lita ya mafuta. Wakampa.

Wasomaji wapenzi, aliye na gari chini ya mwembe asingoje mpaka kutu ikate shauri badala yake. Waiteni ndugu zenu, mkae, mwamue. Kumheshimu mzazi si kulinda chuma chake kikioza. Ni kuwalinda wale aliowafanyia kazi.