Uamuzi wa Tabora

Kila tarehe 9 Desemba tunapiga ngoma kukumbuka Uhuru wa mwaka 1961. Ni vema. Lakini ni nani kati yetu, watu wa Tabora na Sikonge, anayekumbuka mwezi wa Januari? Maana ilikuwa Januari 1958, mjini Tabora, mkutano mkuu wa TANU ulipokata shauri ambalo wazee waliliita Uamuzi wa Busara.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Serikali ya kikoloni ilileta sheria ya uchaguzi, nayo watu wakaiita kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapatao 20,000 tu, lakini viti walipewa sawasawa! Tena haikuwa kila mtu kupiga kura. Ilitakiwa kisomo, au pato la pauni 150 kwa mwaka, au cheo. Mrina asali wa Ipole angezipata wapi pauni 150?

Basi wajumbe wengi walifika Tabora wamekasirika. Walisema, “Tuususie uchaguzi huu. Kuingia ni kukubali dharau.” Nao hawakuwa wajinga, maana dharau ilikuwepo kweli. Mwalimu Nyerere, aliyepata kufundisha shule ya St. Mary's hapo hapo Tabora, aliwaonyesha upande wa pili. Wakisusa, viti vitachukuliwa na wengine, na hao ndio watakaosema Barazani kwa jina la nchi. Wabishi walijibu, naye akajibu tena, hata wengi wakakubali kuingia.

Uamuzi huo haukuwa wa bure. Zuberi Mtemvu alitoka TANU akaanzisha chama chake, naye mwaka 1962 akashindana na Nyerere katika uchaguzi wa Rais. Hivyo msidhani kwamba busara humfurahisha kila mtu siku ileile.

Matokeo mnayajua. Uchaguzi ulifanyika kwa mafungu mawili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU ilisimamisha Waafrika, ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubali shabaha yake, ikashinda. Ile sheria iliyotungwa kuwatenga watu ikawa daraja lao. Kabla miaka minne haijatimia tangu ule mkutano, bendera ya Mwingereza ilishushwa.

Sasa niwaulize neno moja. Walioandikishwa kupiga kura nchi nzima walikuwa wapatao 60,000. Je, mamilioni wengine? Walikaa vijijini, wakalima, wakachonga mizinga, wakangoja. Yule karani au mwalimu aliyeingia chumba cha kura alikuwa na ndugu nyumbani ambaye hakuruhusiwa. Pengine ndugu huyo ndiye aliyeuza asali ili mwenzake apate ada ya shule. Kura ile ilikuwa ya wote wawili, ingawa mkono ulioipiga ulikuwa mmoja. Kama angekaa nyumbani kwa hasira, angewanyamazisha wawili.

Hapo ndipo ukumbusho unapotugusa sisi. Siku hizi kila mtu mzima ana kura yake, wala hatuulizwi pauni wala cheti. Lakini mkutano wa kijiji ukiitwa, tuzungumze msitu wetu au ardhi yetu, wangapi husema, “Siendi, wamekwisha kupanga wao”? Huenda ni kweli wamepanga. Lakini kiti chako kikiwa kitupu, mpango wao unapita bila mpingaji, na watoto wako ndio watakaoukuta.

Wazee wa njia hii ya misafara walikuwa wapagazi. Mpagazi akikuta bonde la matope hakuutupa mzigo, wala hakurudi pwani. Aliuinua juu, akaingia, akatoka ng'ambo na miguu michafu, na mzigo mkavu.

Nawaomba basi, Januari ikifika, mtafuteni mzee au bibi aliye hai bado, aliyekuwa mtu mzima wakati wa kura tatu. Mkalisheni kivulini, watoto wakae karibu, mmwulize: Wewe uliruhusiwa kupiga kura? Na kama hukuruhusiwa, nani alikupigia? Andikeni jibu lake katika daftari. Wazee hao wanakwisha mmoja mmoja, na daftari halihitaji pauni 150.