Skuta ya Baba, Betri ya Mwana



Jumanne iliyopita, baada ya swala ya alasiri, alitujia barazani mama mmoja wa mtaani petu akiwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwamo bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi yake. Mwanawe ni mwendeshaji wa bodaboda, na Boxer yake alimaliza kuilipia mwaka jana. Sasa wenzake kijiweni wamemwambia kwamba petroli imepitwa na wakati: aiuze Boxer, bangili za mamake ziongezwe ziwe malipo ya kwanza, kisha achukue pikipiki ya umeme kwa mkopo.

"Shekhe," akatuuliza, "nasikia hata hao Wahindi wanaoiunda Boxer wameingia kwenye umeme. Si ndiyo kusema hii yetu imekwisha?"

Tulimwomba aketi kwanza, ikaletwa kahawa. Ni kweli wameingia, lakini namna walivyoingia ndiyo yenye faida kwake na kwa kila nyumba inayokula kwa pikipiki.

Waundaji wa Boxer ni Bajaj Auto wa mji wa Pune, India. Jina lao ndilo ndugu zetu wa Tanzania walilolifanya jina la chombo chenyewe, bajaji, ambacho sisi huku twakiita tuktuk. Walianza mwaka 1945 kwa kuleta vyombo vya wengine na kuviuza. Mwaka 1959 wakapata kibali cha serikali yao cha kuunda, nao wakaunda skuta za Vespa kwa ruhusa ya Piaggio wa Italia. Mwaka 1972 wakatoa skuta yenye jina lao wenyewe, Chetak. Hilo ni jina la farasi wa Maharana Pratap, mtawala wa Mewar, aliyempanda katika vita vya Haldighati mwaka 1576. Tulipolisoma hilo tulikumbuka ile aya ya Surat an-Nahl inayotaja farasi, nyumbu na punda kuwa vipando na pambo, kisha ikaashiria kwamba Mwenyezi Mungu huumba na tusivyovijua.

Chetak ilikuwa skuta ya familia. Baba aliketi mbele, mtoto akasimama baina ya magoti yake na usukani, mama akaketi upande nyuma na mchanga mapajani. Serikali ya India ilipanga idadi ya vyombo ambavyo kiwanda kiliruhusiwa kuunda, kwa hivyo mtu aliweza kulipia leo na kungoja miaka, hata 10, kabla ya kuipata. Sisi wenyewe tunaikumbuka Vespa ya mwalimu wetu wa madrasa, nduguye Chetak: asubuhi aliilaza ubavu kidogo, akaiinua, kisha akaipiga teke, na moshi wa buluu ukatufunika sote. Tulikuwa tukigombania kuisukuma, na asiyepata zamu alinuna mpaka adhuhuri.

Kisha watu wa India wakazigeukia pikipiki, na mwaka 2009 Rajiv Bajaj, anayeiongoza kampuni, akaamua kuacha skuta kabisa. Babake, Rahul Bajaj, aliyeiongoza tangu miaka ya 1960 na aliyejulikana nchi nzima kwa skuta hizo, alisema hadharani kwamba uamuzi wa mwanawe ulimuumiza. Hilo lilitugusa zaidi ya habari za mitambo. Mzee amejenga kitu maisha yake yote, mwana anakifunga mbele ya macho yake, na mzee anasema ameumia lakini hamnyang'anyi mwana usukani. Kuna wazazi wangapi miongoni mwetu wawezao hayo?

Oktoba 2019 mwana yule yule akalirudisha jina la Chetak, safari hii likiwa skuta ya umeme. Ilianza kuuzwa Januari 2020, tena katika miji miwili tu, Pune na Bengaluru. Rahul Bajaj alifariki Februari 2022, akiwa ameshaiona ikirudi barabarani. Juni mwaka huo huo kampuni ikafungua kiwanda cha vyombo vya umeme Akurdi, mahali pale pale ilipokuwa ikiundwa Chetak ya zamani.

Hapa ndipo tulipomwomba mama yetu asikilize kwa makini. Walipoingia kwenye umeme, waundaji hawa hawakuifunga milango mingine. Boxer bado inaundwa. Julai 2024 wakatoa pikipiki nyingine, Freedom 125, ya kwanza duniani kutumia gesi asilia pamoja na petroli. Wenye mali yote ile wameanza na skuta moja katika miji miwili, na pato la zamani wameliacha likiendelea kuwalisha. Aliyeiunda Boxer hajaiuza Boxer yake. Vipi aiuze kijana wa Kisauni asiye na akiba?

Hatusemi umeme ni mbaya. Pikipiki ya umeme haina oili ya injini ya kubadilisha, haina plagi wala klachi. Haitoi moshi, na aliye na mtoto mwenye pumu na hupita kwenye foleni ya feri ya Likoni anaijua thamani ya hilo. Umeme wa nchi yetu pia, sehemu yake kubwa hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Uzito wa jambo uko kwenye betri.

Chetak ya 2020 ilitolewa kwa ahadi ya kilomita 95 kwa chaji moja, ikiendeshwa polepole. Kuijaza kwa umeme wa nyumbani huchukua saa tano hivi, na betri ilidhaminiwa miaka mitatu au kilomita 50,000, chochote kitakachotangulia. Kwa baba anayekwenda ofisini na kurudi, hayo yanatosha. Lakini bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, anazimaliza kilomita 50,000 kwa miezi 19 au 20, wala hawezi kulala saa tano mchana akingoja chaji. Ndiyo maana hapa kwetu kampuni nyingi zimeweka vituo vya kubadilisha betri: unaacha iliyokwisha, unapewa iliyojaa. Ni njia nzuri ya kazi. Lakini fahamu kwamba mara nyingi unachouziwa ni pikipiki tu, na betri inabaki mali ya kampuni. Kituo kikiondoka mtaani, umebaki na chombo kisichotembea.

Kisha upo mkataba. Kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, kwa bei iliyo juu kuliko ya taslimu, ni halali kwa wanazuoni walio wengi, maadamu bei moja imejulikana na kufungwa siku ya makubaliano. Lakini deni likiongezeka kwa kuchelewa, na nyongeza ikaingia mfukoni mwa mdai, hiyo ni riba, hata ikiitwa ada. Tulimkumbusha mama kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana madeni. Akasema mwanawe hajauona mkataba wowote. Ameonyeshwa pikipiki na nambari ya kutumia pesa.

Tukamwambia amtume kijana akaulize mambo haya, na majibu ayalete kwa maandishi: jumla ya bei hadi siku ya mwisho ni kiasi gani; betri ni ya nani na kuibadilisha ni shilingi ngapi; bei hiyo ikipanda yeye ana hiari gani; wanaweza kuizima pikipiki kutoka mbali akikosa kulipa siku moja ya ugonjwa; na akishindwa kabisa katikati, alichokwisha kulipa kinakwenda wapi.

Mama alizifunga bangili zake katika kitambaa, akatuaga. Alhamisi kijana mwenyewe alikuja na Boxer yake, akatukabidhi karatasi nne za Kiingereza cha maandishi madogo. Akasema bei ya jumla imeandikwa, lakini la betri aliambiwa arudi wiki ijayo. Karatasi tumempa jirani yetu wakili atusomee. Bangili ziko kabatini kwa mamake.