Kibumba: Anayesema mabwato ya zamani ni chuma tu, ajibu kwanza kuhusu Kituku

KIBUMBA – Kuna maneno yanayosikika kila mara habari za mabwato ya zamani zinapotajwa. Hayo ni mambo ya wazungu waliostaafu, wanasema, watu wenye pesa na muda wa kupaka rangi chuma kibovu. Aliyekimbia Kibumba mwaka 2022 na kulala chini ya turubai Kanyaruchinya anahitaji unga, si historia ya meli. Maneno hayo yana sura ya huruma. Ni ya uongo, na uongo wake umeshagharimu watu.

Huko Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, kulikuwa na mabwato madogo ya mizigo yaliyoendeshwa kwa mvuke. Watu waliyaita puffers, kwa sababu ya mlio wa bomba la moshi: pafu, pafu, pafu. Urefu wao ulikuwa mita 20 hivi, maana yalipaswa kuingia ndani ya milango ya mfereji wa Forth na Clyde. Chini yalikuwa bapa. Nahodha alilileta bwato ufukweni maji ya bahari yakiwa yamejaa. Yakipwa, bwato linakaa mchangani, mikokoteni inakuja hadi ubavuni kupakua makaa ya mawe. Maji yakirudi, linaelea na kwenda zake. Hakuna gati wala kreni ya bandari. Watu watatu au wanne na winchi ya mvuke, basi. Visiwa vingi viliishi kwa kazi hiyo. Mkaaji wa Idjwi anayesubiri bwato la Goma hahitaji kuelezwa zaidi, ingawa Ziwa Kivu halina maji ya kupwa na kujaa.

Malori yalipofika, mengi yaliuzwa kama vyuma chakavu. Si yote. VIC 32, lililojengwa 1943 wakati wa vita, bado linawasha moto wake wa makaa na kusafiri, na abiria hushika sepetu kumsaidia fundi. Spartan limewekwa katika makumbusho ya mji wa Irvine. Na kabla ya fundi yeyote kushika nyundo kuyaokoa, mwandishi wa gazeti alikuwa ameshafanya kazi yake: Neil Munro alianza mwaka 1905 kuandika ndani ya gazeti la Glasgow visa vya nahodha mmoja wa kubuni, Para Handy, na bwato lake. Watu walicheka, wakapenda, hawakusahau. Hilo halikuhitaji pesa nyingi.

Sasa, wanaosema hayo ni mambo ya mbali wasikilize vizuri. Mafundi wa Uskoti hao hao walijenga mabwato ya maziwa ya huku. William Mackinnon, bwato la mvuke la kwanza la serikali ya kikoloni ya Waingereza kwenye ziwa Victoria, na Nyanza la mizigo la mwaka 1907, yote yalitoka kiwanda cha Bow, McLachlan mjini Paisley, vipande vipande vyenye namba, yakaunganishwa Kisumu. Chauncy Maples ilitoka Glasgow hivyo hivyo, ikaanza kuelea ziwa Nyasa mwaka 1901. Boila yake ilivutwa nchi kavu na mamia ya wanaume Wangoni. Majina yao hayakuandikwa popote panapojulikana. Jina la askofu ndilo lililopakwa ubavuni. Kwa hiyo historia ya mabwato hayo ni ya wazungu peke yao? Mabega yalikuwa ya nani?

Mackinnon ilizamishwa makusudi mwaka 1929. Chauncy Maples ilipangwa kukarabatiwa iwe kliniki ya kuzunguka vijiji vya ziwa, na kazi ikasimama kwa kukosa pesa.

Iko moja ambayo si ya Uskoti, lakini familia za Kivu haziwezi kuiruka. Liemba, ya ziwa Tanganyika, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 na kupewa jina la Götzen, yule Mjerumani aliyepanda Nyiragongo mwaka 1894, mlima unaoonekana kutoka kila shamba la Kibumba. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua 1924. Na mwaka 1997, chuma hicho kilichokwisha lala chini ya maji miaka, kilirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira, kwa safari 22. Mwaka 2015 ikabeba Warundi waliokwama Kagunga. Nani basi mwenye haki zaidi ya kudai meli ya zamani itunzwe: mtalii, au mtu aliyerudi nyumbani ndani yake?

Kutunza si kupaka rangi tu. Anayetunza bwato lazima ajue linabeba nini, tani ngapi, liko chini ya maji kiasi gani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1876 ilidai meli za mizigo ziwekewe alama ubavuni: maji yakifika hapa, hakuna gunia tena. Alama hiyo ilipiganiwa na mbunge Samuel Plimsoll kwa miaka, wenye meli wakimpinga kwa sababu kila gunia ni faida.

Kivu wenye mabwato wangali wanashinda mabishano hayo. Mwanzo wa 2024 vita vilikata barabara ya Sake, na maharagi, viazi na watu wa Minova wakahamia majini. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka huo, MV Merdi ilizama mbele ya bandari ya Kituku, watu wa ukingoni wakitazama. Uwezo wake ulisemwa kuwa watu 80 hivi. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278. Hesabu za waliokufa zilizotolewa na wakubwa hazikulingana, na familia zilibaki zikitafuta majina ndani ya hospitali.

Wanaosimamia bandari za Kivu wanaweza kupaka alama ubavuni mwa kila bwato kwa kopo moja la rangi, na kuandika majina ya abiria kwenye daftari kabla kamba haijafunguliwa. Manahodha wazee wa Kituku na Minova wangali hai, wanajua bwato lipi lilizama wapi na kwa sababu gani, na wachache tu ndio waliowekewa kinasa sauti mbele yao. Redio za hapa zinacho kinasa sauti. Daftari linauzwa sokoni Virunga.