Maumivu ya mgongo: tuulize ushahidi kabla ya kufungua mfuko

 

Ndugu wasomaji, katika vikao vya kamati ya msikiti wetu hapa Mikumi, maombi ya msaada wa matibabu huchukua muda mwingi kuliko jambo jingine lolote. Mwaka jana lilitufikia ombi la mzee mmoja, mwalimu wa madrasa aliyehamia kwetu kutoka Kilosa baada ya kuumaliza ujana wake katika mashamba ya mkonge ya Kimamba. Kiuno kilimshika hata akaacha kuhudhuria swala ya jamaa. Tukachangishana, akapelekwa mjini kupigwa picha ya MRI. Alirejea na mkanda wa kiuno na karatasi iliyosema kuwa diski za uti wa mgongo wake zimechakaa.

Tangu siku ile hali ilizidi kuwa mbaya. Mzee aliogopa hata kurukuu, akashinda kitandani akiamini kuwa mgongo wake utakatika. Mfuko nao ukabaki mtupu. Wiki hiyohiyo alikuja mama mjane mwenye mtoto mgonjwa, nasi tukampa nusu tu ya alichohitaji.

Lawama ya kwanza ni yetu. Tulitoa fedha za amana bila kuuliza swali moja: upo ushahidi gani kwamba kipimo hiki na tiba hii vitamfaa?

Swali hilo si geni kwa wanazuoni wetu. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika kuwa kundi moja la wagonjwa wenye dalili za homa ya uti wa mgongo alilitibu kwa kutoa damu, na kundi jingine akaliacha kwa makusudi bila tiba hiyo, ili alinganishe. Huo ndio msingi wa utafiti wa leo. Mtu kupona baada ya dawa hakutoshi kuwa ushahidi, kwa sababu maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe baada ya wiki chache. Lazima tujue ingekuwaje kama dawa ile isingetumika.

Tuanze na vipimo. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizohusu watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Picha zao zilionesha diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 80 ya wenye miaka 50, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Maana yake ni kwamba uchakavu huo, kwa wengi, ni kama mvi kichwani. Karatasi ya mzee wetu ilisema kweli, lakini haikuthibitisha kuwa hicho ndicho kilichokuwa kikimuumiza.

Hata vipimo vya mkono vina mipaka. Wengi wetu tumewahi kulazwa chali na kuinuliwa mguu ulionyooka ili ijulikane kama diski imebana mshipa wa fahamu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2010 yalionesha kuwa, miongoni mwa wagonjwa waliofikia hatua ya upasuaji, kipimo hiki hugundua watu 92 kati ya 100 wenye tatizo hilo. Lakini kati ya 100 wasiokuwa nalo, huwaondolea shaka 28 tu. Kwa hiyo kuumia mguu unapoinuliwa si hukumu ya mwisho. Mtaalamu mzuri hukusanya dalili nyingi kabla ya kusema neno.

Ama kuhusu tiba, mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki, Finland, walioshikwa na maumivu mapya ya kiuno. Wengine waliambiwa walale siku mbili, wengine wakafundishwa mazoezi ya mgongo, na wengine wakatakiwa waendelee na shughuli zao kwa kadiri ya uwezo. Hao wa mwisho ndio waliopata nafuu haraka zaidi.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno, yaani yaliyozidi miezi mitatu na yasiyotokana na ugonjwa mwingine unaojulikana. Linapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, na baadhi ya tiba za mikono kama kuchua. Halipendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo, wala mashine za mawimbi ya sauti. Mkanda tulioununua kwa sadaka za waumini umo katika orodha hiyo.

Tusije tukaeleweka vibaya. Yapo maumivu yasiyongoja. Anayeshindwa kuzuia haja, anayekufa ganzi sehemu za siri, anayezidi kuishiwa nguvu za miguu, au aliyeanguka na bodaboda, awahishwe hospitali. Vivyo hivyo mwenye homa, anayekonda bila sababu, au aliyewahi kuugua saratani. Katika wilaya yetu yenye wafugaji wengi tukumbuke pia kuwa kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo, na kwamba maziwa yasiyochemshwa huleta ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, ambao kwa binadamu huleta homa na maumivu ya mgongo. Hapo vipimo ni wajibu, na mfuko ufunguliwe bila kusita.

Jambo hili linagusa ibada pia. Mtume (SAW) alimruhusu swahaba wake Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, aswali amekaa asipoweza kusimama, na kwa ubavu asipoweza kukaa. Anayedhurika kwa kusimama ana rukhsa kamili, wala asione haya. Lakini kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi kwa mwenye kuweza, na inasikitisha mtu kuivua nguzo hiyo kwa sababu tu karatasi imemtia hofu.

Mzee wetu hatimaye alikutana na mtaalamu wa fiziotherapia aliyemkagua, akamweleza maana ya picha yake na kumfundisha mazoezi machache ya nyumbani. Maumivu hayakuisha yote. Hata hivyo leo anafundisha watoto, anaswali Alfajiri akiwa amesimama, na tarawehe ndefu huimalizia kwenye kiti.

Kamati imekubaliana kuwa kila ombi la matibabu lisilo la dharura lije na majibu ya maswali matatu kutoka kwa mtabibu: kipimo hiki kitabadilisha nini katika tiba? Tiba hii imelinganishwa na nini? Na mgonjwa anaweza kufanya nini mwenyewe nyumbani? Tunazishauri familia nazo ziyaulize, kwa adabu, kabla ya kuuza mbuzi au shamba.

Tunamuomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, na atupe uaminifu katika amana. Wabillahi tawfiq.