Mtawa Asiyetawa: Maisha Marefu ya Mama Kevina na Kalamu ya Kiswahili

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa kwa barabara kuelekea Nairobi hana budi kupita Makupa. Hapo palijengwa tuta la kuunganisha kisiwa na bara lililofunguliwa mwaka 1929, na hapo pia pamefunguliwa daraja jipya mwaka 2022 ili maji ya hori yapite tena. Kabla ya tuta palikuwa na reli. Januari 1903 garimoshi lilivusha hori hilo masista sita Wafransisko waliokuwa wameondoka Mill Hill, London, tarehe 3 Desemba 1902. Walishuka melini Mombasa, wakasafiri kwa reli hadi Kisumu, wakavuka ziwa, wakafika Nsambya, Kampala, tarehe 15 Januari. Mmoja wao alikuwa binti wa Kiayalandi wa miaka 27, Teresa Kearney, ambaye katika utawa alijulikana kama Sista Kevin. Wenyeji wa Uganda walimwita Mama Kevina.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kusita kidogo mbele ya neno “mtawa”. Katika Kiswahili cha pwani, kutawa ni kukaa ndani, kujitenga na macho ya watu. Mwanamke mtawa wa Mji wa Kale alikuwa yule asiyeonekana barabarani ovyo. Ukristo ukalichukua neno hilo na kumpa sista. Ajabu ni kwamba sista huyu hakutawa hata siku moja. Kwa zaidi ya miaka hamsini alikuwa njiani: kutoka Nsambya hadi Nkokonjeru, kutoka shule moja hadi nyingine, kutoka zahanati hadi makao ya wagonjwa wa ukoma ya Nyenga na Buluba, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1930. Lugha ilimpa jina la ukimya, naye akalijaza mwendo.

Kazi yake kuu ilikuwa kufundisha, na aliyemlenga zaidi ni msichana. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao hadi leo hufundisha na kuuguza nchini Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa uamuzi huo, mwanamke Mwafrika hakuwa tena mwanafunzi wa kudumu wa mgeni. Aliandaliwa kuwa mwalimu wa wenzake. Katika jitihada hizo hizo za elimu ya wasichana ikapatikana Mount Saint Mary's ya Namagunga, iliyoanza mwaka 1942. Humo alisoma Specioza Wandira Kazibwe, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia 1994 hadi 2003.

Pana jambo jingine linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Mwaka 1921 mafunzo ya wakunga yalianza Nsambya. Wakati huo sheria ya Kanisa haikuwaruhusu masista kushughulika na uzazi, na ruhusa ya Roma kwa masista wa nchi za misheni ilitoka mwaka 1936. Katikati ya tarehe hizo mbili pana miaka kumi na mitano. Mtunzi wa riwaya angetoa nini ili apate mgogoro kama huo? Upande mmoja kuna nadhiri ya utii. Upande wa pili kuna mzazi anayekufa na mwanawe tumboni.

Hata hivyo, mtu akichunguza ni watawa gani wanaokumbukwa zaidi Afrika Mashariki, atakutana kwanza na waliokufa kwa kishindo. Sista Irene Stefani, ambaye Wagikuyu walimwita Nyaatha, naye alishukia Mombasa, Januari 1915. Aliwauguza wapagazi wa vita huko Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, kisha akafundisha Gikondi hadi tauni ilipomuua mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 39. Alitangazwa mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Sista Leonella Sgorbati aliuawa kwa risasi Mogadishu mwaka 2006, akatangazwa mwenye heri mwaka 2018. Hakuna anayestahili kuwaonea gere. Lakini maisha yaliyokatika ghafla yana kilele tayari, na msimulizi hana kazi kubwa. Maisha ya mwalimu aliyezeeka kazini hayana kilele. Yana Jumatatu nyingi.

Hapa ndipo fasihi ya Kiswahili inapodaiwa. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad hakungoja Siti atangazwe mtakatifu. Alimtazama mwanamke fukara aliyefanya kazi yake kwa ustadi, akaona kuwa hilo linatosha kitabu. Kielelezo hicho kipo na kinafundishwa kila mwaka, lakini mwalimu wa kike, awe mtawa au asiwe, bado ana nafasi finyu mno katika wasifu wa Kiswahili. Anapofariki husomewa risala fupi kanisani, yenye sifa za upole na subira ambazo zingeweza kusemwa juu ya mtu yeyote.

Yamkini atatokea msomaji wa kuuliza: kwa nini Kiswahili kimpambe mmisionari? Swali ni halali. Serikali ya Uingereza ilimtunuku Mama Kevina nishani ya MBE kwa kuwauguza wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ilhali ni serikali hiyo hiyo iliyowabebesha wapagazi hao mizigo hadi wakafa kwa maelfu. Jina Kariakoo ni masalia yao katika lugha hii. Fauka ya hayo, Gavana Gowers alipotaka Kiswahili kienee katika shule za Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, waliopinga ni pamoja na Kabaka Daudi Chwa na maaskofu wa misheni. Wasifu wa haki hauwezi kuyafumbia macho hayo. Lakini wasifu si upambe. Kinachompamba mtu hadi akapotea ni risala ya maziko. Kinachomrudisha ni kitabu kinachoeleza alifanya nini, kwa fedha za nani, na darasa lake lilizungumza lugha gani.

Uganda yenyewe ilimtolea hukumu isiyohitaji kamati: neno “Kevina” likaja kumaanisha hospitali au nyumba ya hisani. Nomino ya pekee imegeuka nomino ya kawaida, tukio ambalo mwanaisimu hulishangilia na mwanafasihi hulipita bila kugeuka.

Mombasa ina shule za wasichana zenye asili ya Kikatoliki, kama Star of the Sea, na ina akina bibi waliofundishwa na masista kusoma, kushona na kuhesabu. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za tasnifu wangeweza kuanzia kwao, na kinasa sauti mkononi, badala ya kuchambua riwaya ile ile kwa mara ya arobaini. Akina bibi hao hawatangoja mwaka wa tatu wa masomo.

Mama Kevina alifariki Marekani tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na umri wa miaka 82, baada ya kupelekwa huko mwaka 1955. Wakatoliki wa Uganda walitaka arudishwe. Akarudishwa, akazikwa Nkokonjeru tarehe 3 Desemba 1957, miaka hamsini na mitano kamili tangu siku aliyoondoka London kuja kushukia Mombasa.