Baba Mdogo wa Kikorea

Mimi ni mpenzi wa tamthilia za Kikorea, wala sioni haya kukiri hivyo mbele ya wanaisimu. Hapa Njoro tunazitazama mabwenini kwa tafsiri ya Kiingereza iandikwayo chini ya picha, na hapo ndipo penye dosari. Mkorea humwita kaka mkubwa wa babaye *keunabeoji*, yaani "baba mkubwa", neno kwa neno. Mdogo wa babaye ni *jageunabeoji*, "baba mdogo". *Gomo* ni shangazi. *Imo* ni mama mkubwa au mdogo. Kiingereza huwakusanya wote wakawa ankoo na anti tu, na mtazamaji asijue ugomvi wa mirathi umetoka wapi!

DJ Afro amekwisha kuthibitisha kwamba Mkenya hufurahia filamu ya kigeni ikisimuliwa kwa lugha aijuayo, ingawa (tuseme kweli) simulizi yake haiyajali mno maneno ya wahusika. Wanafunzi wa tafsiri, tujifunzeni Kikorea, tutafsiri moja kwa moja bila kupitia Kiingereza. Mimi nimeanza na *Jewel in the Palace* ya mwaka 2003. Ukoo haujanisumbua, nimekwama jikoni mwa mfalme, kwenye majina ya vyakula.